Mkwe Haitwi Jina

Kofi la kwanza la asubuhi ile lilimpata Awir kwa sababu ya kutafsiri vizuri mno.

Zubir, msimamizi wa wakata magogo, alikuwa amesimama mbele ya kizuizi chetu cha mianzi. Nyuma yake kulikuwa na malori matatu, tingatinga moja, na wanaume kama ishirini wenye mapanga, misumeno ya mota na gobore. Ilikuwa wiki ya sita tangu sisi Watemiar, wenyeji wa msitu wa mto Sengar, tuifunge ile barabara ya magogo ili msitu wetu usiliwe ukaisha, na Zubir alikuwa amechoka kusubiri. Akasema kwa Kimalei, "Waambie hao nyani wako watoke barabarani."

Awir akageuka, akasema kwa Kitemiar, "Amesema ninyi nyani, mtoke barabarani."

Ndivyo alivyokuwa Awir. Kimalei alikipata shule ya bweni, tena kwa fimbo, maana ukisikika bwenini unasema Kitemiar ulikula mkwaju mpaka ukasahau ulichotaka kusema. Kiingereza alikipata kwa mgongo, miaka saba ya kuwabebea watalii mizigo mlimani. Akajiwekea sharti moja: neno la mtu ni mzigo wa mtu, ukibebeshwa ulifikishe kama lilivyo, usipunguze wala usitie chumvi. Wapo waliomsihi, "Awir, lainisha kidogo, utatuponza." Yeye akawajibu, "Mkitaka mwongo, wako wengi mjini, kakodini."

Ndani ya kibanda cha walinzi, palepale kando ya kizuizi, mama mkwe wake, Bibi Asui, alikuwa akichoma muhogo, mgongo kauelekeza nje. Alikuwa amemsikia mkwewe vizuri kabisa. Lakini kwetu mwanamume hasemi na mama wa mkewe, wala mama hasemi naye. Hawatazamani, hawagusani, hawatajani majina. Neno linalotoka kinywani mwa mkwe si lako, hata kama masikio yamelipokea, mpaka mtu mwingine akuletee. Kwa miaka kumi na minane daraja lao lilikuwa Aning, mke wa Awir na binti wa bibi. Aning asipokuwepo, walisema na mbwa. "We mbwa," bibi angesema, "kuna mtu atalala njaa leo akiendelea kuzurura."

Basi Aning akainama mlangoni. "Mama, anasema sisi nyani."

"Mwambie nyani hukaa mitini," bibi akajibu. "Akiimaliza miti tutahamia kichwani kwake. Nafasi ipo, ndani hamna kitu."

Awir alisikia kila neno, akangoja. Aning akamgeukia akamrudishia yote, ndipo naye akampa Zubir kwa Kimalei kilichonyooka, uso mkavu. Watu wakaangua kicheko. Hata madereva wawili wa Zubir walishindwa kujizuia, na hicho ndicho kilichomchoma bwana wao. Mjumbe hauawi, wanasema, lakini hakuna aliyesema hapigwi. Kofi likatua sikioni, Awir akasikia mluzi ndani ya kichwa.

Aning hakuvumilia. Aliruka, akamkamata Zubir shati, vifungo vikatawanyika. "Unampiga mume wangu kwa kinywa cha mama yangu? Nipige mimi!" Yule mwenye gobore alimpiga kwa kitako cha bunduki juu ya sikio. Aning akaanguka kando ya tairi la lori, akatulia hapo, mkono mmoja umekunjika chini yake.

Watu wa Sengar si watu wa ngumi. Tangu utotoni tunafundishwa kuiogopa hasira yetu kuliko chui. Kwa hiyo walichokifanya wale wanaume na wanawake wa kizuizini ni kushikana mikono na kusimama. Wakapigwa wamesimama. Sitaki mtu aniambie habari za pande mbili hapa! Upande mmoja ulipiga, upande mmoja ulipigwa. Mapanga yalishuka kwa ubapa, mengine hayakushuka kwa ubapa. Pandak, binamu yake Awir, alivunjwa taya kwa nondo, akawa anajaribu kusema na damu inatoka badala ya maneno. Mzee mmoja alikanyagwa kifuani mpaka akatapika. Wengine walipoona vidole vya mwenzao vimelala peke yake kwenye tope, mnyororo wa mikono ukakatika, wakakimbilia bondeni.

Awir alitaka kumfikia Aning. Nondo ileile ilimpata mkono wa kushoto, akausikia mfupa ukilia. Akaenda kwa magoti. Aning alikuwa anapumua, damu imemjaa nyweleni, macho yamefumba.

"Aning. Aning, amka."

Hakuamka.

Ndipo tingatinga likaanza kutembea kuelekea kibandani.

Dereva wake alikuwa Mnepali, kijana wa watu aliyeitwa Dhan. Kimalei hakijui, alikuwa akiendeshwa kwa ishara za mikono. Kutoka kule juu kitini aliona kibanda cha majani tu. Awir akasimama mbele ya lile bamba la chuma, akapaza sauti kwa Kiingereza, "Simama! Kuna mtu ndani! Kuna mama ndani, ndugu yangu, simama!"

Dhan akazima injini. Akautoa ufunguo, akautazama, akautupa kichakani. Zubir alipanda akamvuta kwa ukosi, akamwangusha chini, akampiga mateke ya mbavu huku akimtukana kwa Kimalei ambacho kijana hakukielewa.

"Sawa," Zubir akasema akihema. "Sawa." Akawaelekezea kidole watu wawili wa misumeno. Nyuma ya kibanda kulikuwa na mti mkubwa wa meranti ulioinamia barabara, shina lake watu watatu hawalikumbatii. Walikuwa wameshaanza kuukata wakati vipigo vinaendelea. Kwa kelele zile hakuna aliyetambua. "Unaangukia hapo," Zubir akamwambia Awir. "Kizuizi, kibanda, vyote. Mimi sitaki maiti. Watoe watu wako, una dakika mbili."

Awir akapaza sauti kwa Kitemiar, "Mti unaangushwa! Tokeni wote! Tokeni!"

Waliokuwa bado wanajikokota wakajivuta bondeni. Pandak akambeba yule mzee, akapotelea mitini. Kibandani bibi hakusogea. Alikuwa amemsikia, Awir alijua amemsikia, aliuona mgongo wake ukikaza. Lakini "wote" ya mkwe, mama mkwe hamo ndani yake. Alikuwa anangoja Aning aje mlangoni amwambie. Hakujua Aning amelala kwenye tope, hatua ishirini kutoka pale, maana kugeuka kungekuwa kumtazama mkwewe.

Misumeno ikazama. Unga mwekundu ulikuwa unaruka.

"Mwite wewe!" Awir akamwambia Zubir kwa Kimalei. "Nakuomba, bosi. Mwambie atoke, mti unaanguka."

"Nimwite mimi? Wewe huna mdomo?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Kwa hiyo?"

"Mwite tu! Kimalei anasikia."

Zubir akaita. "Wee bibi! Toka, mti unakuja!"

"Tangu alfajiri unaimba wimbo huohuo," bibi akajibu kwa Kimalei chake cha kuungaunga, bila kugeuka. "Kamdanganye mama yako."

Awir akamwendea Dhan aliyekuwa amekaa chini ameshika mbavu. "Nenda kamtoe yule mama," akamwambia kwa Kiingereza. "Mvute, mbebe, mimi siwezi kumgusa."

Dhan hakuuliza kwa nini. Mungu amlinde popote alipo. Alikimbia amejipinda, akaingia kibandani, akamshika bibi bega. Bibi aliona mtu wa tingatinga, ana damu usoni, amekuja kumbomolea. Akachomoa kijinga cha moto akamchapa nacho shingoni, akakirudia tena mkononi. Dhan akapiga yowe, akatoka mbio ananuka nywele zilizoungua.

Mti ukatoa mlio wa kwanza. Wakataji wakaacha misumeno inaunguruma peke yake chini, wakakimbia.

Awir alikuwa na lugha tatu, na zote tatu zilikuwa zimekwisha, likabaki jina moja alilokatazwa kulitaja. Akamtazama Aning, hajaamka. Akatafuta mbwa, loo, hata mbwa alikuwa amekimbia. Aliuogopa mti, akaliogopa na neno lenyewe. Tangu siku ya harusi yake alikuwa akilizunguka jina lile hata mawazoni. Akafungua kinywa.

"Asui!" akaita. "Mama Asui! Ni mimi! Toka!"

Kwa sauti ile angesikia aliye ng'ambo ya mto. Bibi alisikia. Akashtuka mwili mzima, mtu aliyevuliwa nguo hadharani hushtuka vile. Kisha akafanya alichofundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake: alijifunika uso kwa saruni, akajikunja, paji la uso likagusa ardhi, ili mkwewe apite bila kuonana naye.

Awir alianza kukimbia. Adabu ilikuwa imemtoka, angemvuta hata kwa nywele. Alikuwa amebakiza hatua sita mti ulipotua.

Ardhi iliruka. Kwa muda hapakuonekana kitu, vumbi na majani tu, na matawi madogo yakiendelea kudondoka. Kisha zikasikika injini za malori. Zubir, asiyetaka maiti, hakukaa kuhesabu. Waliondoka kinyumenyume, na kizuizi walichoshindwa kukiondoa kwa wiki sita wakakiacha chini ya mti.

Awir alijipenyeza ndani ya matawi, mkono uliovunjika unaning'inia. Alimkuta. Kuanzia kiunoni bibi alikuwa chini ya tawi nene kuliko yeye. Uso bado ulikuwa umefunikwa na saruni. Na yeye Awir, mpumbavu gani huyu, au tuseme mtu gani mwema, alikaa akampa mgongo, akawa anafukua udongo kinyumenyume kwa mkono mmoja.

"Awir," bibi akasema.

Kucha za Awir zilisimama kwenye udongo. Hakuwahi kulisikia jina lake kwa sauti ile.

"Naam, mama."

"Aning yuko hai?"

"Anapumua. Amepigwa kichwani, hajaamka."

Pumzi ya bibi ilikuwa inakwama kwama. "Acha kufukua. Nisikilize. Mwambie sikukusikia."

"Mama..."

"Mwambie uliita, mimi sikusikia, misumeno ilipiga kelele. Akijua nilisikia nikainama, hatakusamehe wewe wala mimi. Umebeba maneno ya kila mtu, na langu libebe."

"Nitalifikisha."

"Na huo mkono mwingine ufunge, nasikia unafukua kwa mmoja, utakuozea."

Awir akangoja neno jingine. Lilipochelewa akageuka, kwa mara ya kwanza akamtazama mama wa mkewe, akaona saruni imetulia, haipandi wala haishuki. Akalia pale kwa sauti, kilio cha mtoto, na hakuna aliyekuwepo wa kumwambia nyamaza.

Aning aliamka jua limepanda. Dhan ndiye aliyemnywesha maji. Aning akaja akishikilia matawi, damu imemkauka shingoni, akauona mti, akawaona wote wawili, mmoja amekaa na mmoja amelala. Akapiga magoti. Alimfunua mama yake uso, akaufuta udongo kwenye paji kwa kidole gumba, polepole. Kisha akamtazama mumewe.

"Mlimwacha humu?"

"Walitoka wote. Yeye hakutoka."

"Hakuna aliyemwambia?"

"Nilimtuma Zubir, mama akamtukana. Nilimtuma Dhan, mama akamchoma moto."

"Na wewe?"

Awir alikuwa na mzigo wa mtu mgongoni, akautua kama alivyopewa. "Amesema nikwambie hakunisikia."

Aning akaligeuzageuza lile neno. "Amekwambia wewe."

"Mimi."

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, Aning."

"Kama hakukusikia, alijuaje kwamba uliita?"

Kwa swali hilo hakuwa ameachiwa jibu, na la kwake hakulitoa. Aning akampiga. Alimpiga mdomoni kwa ngumi, yeye ambaye hajawahi kumpiga hata kuku, akarudia, akarudia, meno yakamchana vidole. Awir hakuinua mkono wala hakugeuza uso. Aning alipomaliza kumpiga akajishika tumbo, akaomboleza mpaka sauti ikakauka, na Dhan akaenda kusimama mbali ameinamisha kichwa.

"Alisema nini kingine?" hatimaye Aning akauliza.

"Alisema niufunge huu mkono."

Aning akaichana saruni yake mwenyewe pindoni. Akavunja kijiti, akakipima kwenye mfupa, akaanza kuuzungusha ule utepe. Awir akauma midomo yake iliyopasuka.

"Kaza meno," Aning akamwambia. "Ndiyo kwanza naanza."