Reli ya Mama Dulcie

Mke wangu Félicité alinipigia nikiwa kwenye meza yangu ya kutengeneza simu, sokoni Warwick. "Papa Peguy, kuja na bisibisi zako zote. Mama analia."

Mama ni Dulcie, mjane wa Kiingereza pale mtaa wa Umbilo. Félicité anamfanyia kazi za nyumba. Nyumba yenyewe imeuzwa, yeye anahamia makao ya wazee. Garaji imejaa treni ndogo ya mfano aliyoijenga marehemu mumewe: reli ya kijijini kwao Uingereza, stesheni tatu, daraja, mpaka ng'ombe wa plastiki. Watu wa klabu ya treni wanakuja saa nane. Ikitembea, wataichukua. Isipotembea, inaenda jalalani.

"Mafundi wawili wameshindwa," Félicité akasema.

"Walikuwa wanasubiri mwenye diploma."

"Diploma ya reli, papa, si ya umeme!"

"Treni iko treni."

Garajini nikapima waya zote. Nzima. Treni haitingishiki. Eish! Saa saba na nusu.

Mama Dulcie, amekaa juu ya ndoo, akaanza kunihadithia. Reli yenyewe, ile ya kijijini kwao, ilijengwa kubeba maziwa, abiria wakafuata. Serikali iliifunga 1962. Mumewe alikuwa mtia makaa wa treni ya mwisho, na jirani alipanda na mbuzi, mbuzi ana tiketi.

"Tiketi ya daraja la ngapi?" nikauliza.

"La pili." Akacheka, machozi bado yapo.

"Na njia ilikuwa moja?"

"Moja tu. Kwenda na kurudi."

Nikasimama. Kule kwetu Kongo, Kalemie, nilifanya kazi kwenye reli ya njia moja miaka kumi na moja. Dereva haondoki mpaka apewe kijiti mkononi. Kijiti ni kimoja: ukikishika, unajua hakuna treni inakuja mbele yako. Nikainama kwenye stesheni ya kwanza. Nyuma ya ofisi, kitundu kidogo, kama cha ufunguo.

"Mama, mzee hakuacha kijiti cha chuma?"

Félicité ndiye aliyekiona. Kijiti cha shaba, kimechomekwa kwenye fundo la nywele za mama.

"Alinipa hospitalini," mama akasema. "Hakuweza tena kuongea. Nikajua ni zawadi."

"Ni zawadi, mama. Ingiza."

Treni ikaondoka.

Klabu walipofika, treni ilikuwa juu ya daraja. Wakapiga makofi. Mama Dulcie akachomoa kijiti, treni ikasimama, akakirudisha kwenye nywele.

"Chukueni yote," akawaambia. "Mkitaka itembee, Jumamosi mje mnichukue."

Mkubwa wao akatoa kalamu, akauliza hayo makao ya wazee yako mtaa gani.

Félicité akaninong'oneza: "Huyu mama ni Mkongo kama sisi."