Siku Saba za Kuifundisha Nyumba

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, fundi umeme aliyeitwa Shoti alivua viatu kwenye kibaraza cha nyumba ya ghorofa moja, akavipanga ukutani, akaingia ndani na sanduku la bisibisi, drili, roli mbili za waya na kompyuta ndogo aliyoiviringisha kwenye taulo. Jina la Shoti hakujipa mwenyewe. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi alipiga shoti mara moja tu, lakini mara hiyo aliuzima ukumbi wa harusi wenye watu mia nne, na watu hawasahau mambo kama hayo.

Mwenye nyumba aliitwa Bosi na kila mtu, hata mkewe. Alikuwa ameona nyumba ya rafiki yake ikijiwasha taa na kujifunga mapazia, akarudi kwake hana raha. Alitaka taa, feni, jiko, friji, mashine ya kufulia na bomba la bafuni viendeshwe na kompyuta.

"Yaani mimi nikae tu," alimweleza Shoti, akiwa amekaa.

Saa nne mfanyakazi wa nyumba alimletea fundi chai. Huyu aliitwa Dada. Wenye nyumba walimwita hivyo, wageni walimwita hivyo, na watoto wa nyumba hiyo, ambao sasa walikuwa na watoto wao, walimwita hivyo hivyo kwenye simu. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameilala katika chumba cha nyuma ya jiko, chenye kitanda, ndoano tatu za nguo na bomba la maji ya moto lililopita juu ya mto wake.

"Fundi, hiki kidubwana kikikamilika kitafanya kazi chenyewe kweli?"

"Kitafanya, dada yangu. Utakaa mpaka uchoke kukaa."

"Unanitania."

"Nikutanie wewe, sawa. Nautaniaje umeme?"

Dada hakucheka. Aliweka trei juu ya ngazi ya fundi, akajifuta mikono. Bosi alikuwa amemwahidi kwamba siku nyumba itakapoanza kujiendesha, atapata likizo ya mwezi mzima aende kwa mama yake. Hakuwa amekanyaga kwao kwa miaka sita. Mama yake macho yalikuwa yanaisha, na daktari alikwisha sema kwamba kufikia mwisho wa mwaka atabaki kuona mwanga tu, nyuso hataziona tena.

"Anataka aishike sura yangu kabla," alisema Dada. "Nikamwambia, Mama, sura ni ile ile, yameongezeka mashavu tu. Akanijibu kwamba hayo mashavu ndiyo anayoyataka."

Shoti alifanya kazi siku nne. Alitoboa kuta, akapitisha nyaya, akafunga katika kila dari kijicho cheupe kinachomwona mtu anayeingia. Siku ya Ijumaa aliifungua kompyuta juu ya meza ya kulia, akamweleza Bosi hatua ya mwisho. Mfumo ule haukuja na akili tayari, ulifundishwa. Kwa siku saba mwenye nyumba angevaa shingoni kidude chenye ukubwa wa kifungo cha koti, angeingia vyumba vyote kumi na vinne, angewasha na kuzima kila kitu kwa mkono wake. Kompyuta ingemwangalia anaamka saa ngapi, anapenda feni kwa kasi gani, anakwenda wapi. Baada ya hapo nyumba ingemfuata: taa zingemtangulia, maji yangepata moto kabla hajayahitaji.

"Nitembee?" aliuliza Bosi. "Humu ndani?"

"Siku saba tu, Bosi."

"Mpaka kwenye chumba cha kufulia?"

"Kila chumba."

Bosi alikitazama kile kidude kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie. Kisha akaita kuelekea jikoni, Dada akaja, akavishwa.

"Yeye ndiye anayezungukazunguka," alisema Bosi. "Kutembea ni kutembea."

Kwenye kompyuta palikuwa na mstari uliouliza mwenye nyumba ni nani, na mbele yake nafasi ya kujaza. Shoti alijua kwamba haikuwa sawa. Lakini ilikuwa Ijumaa, na upande wa pili wa mji palikuwa na jenereta lililokuwa likimsubiri tangu Jumatano. Akaunganisha mstari ule na kidude kilichokuwa shingoni mwa Dada, akabonyeza, akafunga kompyuta.

Siku ya nane nyumba ilikuwa imejifunza. Saa kumi na moja na nusu alfajiri taa ya chumba cha nyuma ya jiko iliwaka polepole, ili isimuumize Dada macho. Feni ya sebuleni iligeuza shingo kila alipopita. Mlango wa friji ulifunguka wenyewe alipolikaribia akiwa amebeba sufuria kwa mikono miwili. Bosi alipopiga makofi, alipobonyeza simu yake, na mwishowe alipopiga kelele, hakuna kilichofanyika. Alikula chakula cha jioni gizani mara mbili, mpaka Dada alipoombwa asimame karibu na meza.

Dada alipotoka kwenda dukani kununua chumvi, umeme wa nyumba nzima ulizimika, ukarudi aliporudi. Alipopeleka taka kwenye pipa la barabarani, kibaraza kilisogea kumfuata. Shoti aliitwa, akapima kwa futi kamba. Kutoka kibarazani hadi getini palikuwa futi ishirini na mbili. Sasa palikuwa futi ishirini na inchi tisa. Aliandika tarakimu hizo kwenye daftari lake. Vigae havikuwa vimepasuka. Bomba la maji lilikuwa limevutika kidogo, na fundi bomba alipoitwa aliliongezea kipande, akashauri safari ijayo waache urefu wa ziada.

Jirani alikuja na karatasi ya ramani ya viwanja.

"Nyumba yenu imeingia kwangu kiganja kimoja," alisema.

"Itarudi Dada akienda kuanika nguo," alijibu mke wa Bosi, na kweli ilirudi.

Shoti alipendekeza somo lifutwe lianzwe upya, safari hii na Bosi mwenyewe. Bosi akakubali, maana alikuwa amekwisha alika wageni waje kuiona nyumba inayojiendesha. Dada akapelekwa kukaa nje, chini ya ukuta. Bosi akavaa kidude. Kwa dakika ishirini alitembea vizuri. Jikoni akakwama.

"Hili jiko linawashiwa wapi?"

"Hapo mbele, Bosi. Hivyo vitufe."

"Vipo vitano."

"Ndiyo, kila kimoja na kazi yake."

"Na huu mlango ni wa nini?"

"Hicho ni chumba cha Dada."

Bosi alichungulia, akaona kitanda na ndoano tatu, akaufunga mlango taratibu kama aliyekosea hoteli. Chumba cha kufulia hakukifikia. Kabla ya saa sita alikuwa sebuleni miguu juu ya stuli, kidude kimerudi shingoni mwa Dada na somo la zamani limerudishwa kwenye kompyuta.

"Basi liwe hivyo hivyo," alisema. "Nyumba inafanya kazi. Dada akiwepo, inafanya kazi."

"Na likizo yangu, Bosi?" aliuliza Dada mlangoni.

"Likizo gani tena? Wewe hujaona? Ukiondoka, nani ataiendesha?"

Dada aliitikia "sawa" na kwenda kuosha vikombe. Taa ya juu ya sinki ilimwakia. Shoti alisimama na bisibisi mkononi bila skrubu ya kufunga. Roho ilimsuta. Alikumbuka ule mstari kwenye kompyuta, na jinsi kidole chake kilivyobonyeza bila kusita, kwa sababu ya jenereta.

Siku tatu baadaye alirudi na uongo alioupanga njia nzima. Alimwambia Bosi kwamba nyaya zimechoka, na mfumo ukiendelea bila kupumzishwa utaungua, kompyuta, friji na yote. Zilihitajika wiki mbili za kupoa. Katika muda huo taa zingewashwa kwa swichi, kama zamani.

"Swichi ziko wapi?" aliuliza Bosi.

Shoti alimchorea. Kwa kuwa nyumba haikuhitaji kuendeshwa, na binti mmoja wa nyumba alikubali kuja kupika, Dada akapewa siku kumi na mbili. Shoti alimvua kidude kwa mkono wake, akakifungia kwenye droo, akachomoa waya wa kompyuta ukutani.

"Haitakufuata," alimwambia. "Nenda ukamwonyeshe mama mashavu."

"Fundi, wewe ni mtu," alisema Dada. Aliondoka Jumatano kwa basi la asubuhi, na begi moja lililokuwa na nguo zake zote.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Shoti akiwa amelala chini ya meza ya kiwanda cha nguo akikaza soketi, simu yake ililia.

"Kijana, huku hakuna umeme," alisema Bosi.

"Angalia mita, Bosi. Inasoma nini?"

"Mita imebaki."

"Imebaki wapi?"

"Kule tulikokuwa. Njoo, na ulete waya mrefu."

Ilikuwa safari ya saa sita kwa basi hadi kwao Dada, na nusu saa ya kutembea kupita machimbo ya kokoto. Njiani kondakta alimwambia kwamba wenzake waliiona nyumba ikipita usiku, imeshika upande wake wa kushoto, haikukimbia. Kwenye mizani ilisimamishwa kama gari lolote zito, ikapimwa, ikaonekana imezidi kidogo, ikaruhusiwa kwa kuwa dereva hakupatikana wa kuandikiwa faini.

Nyumba ya mama yake Dada ilikuwa ya vyumba viwili, paa la bati lenye kutu, mlango wa kijani. Hatua ishirini mbele yake, mahali palipokuwa na kamba ya nguo, ilisimama nyumba ya Bosi. Ilikuwa na vumbi kwenye madirisha na tope kwenye ngazi, lakini wima, mlango wake wa jikoni umeelekea mlango wa kijani. Ndani hakuna kikombe kilichovunjika. Mke wa Bosi alilalamikia mapazia tu. Bosi alikuwa kibarazani, amependeza, anakunywa chai.

"Hewa ya huku safi," alisema. "Kusema kweli, nimelala vizuri kuliko miaka yote."

"Na Dada?"

"Yuko ndani, wapi tena? Nimemwambia, sasa huna haja ya likizo. Mtu anaomba likizo ili aende kwao. Wewe uko kwenu na kazini, yote kwa mara moja. Umewahi kuona bahati ya namna hiyo?"

Dada alitoka na trei. Alikuwa amefunga aproni juu ya gauni lake la safari. Shoti alitaka kumwomba radhi.

"Ulipata kukaa na mama?" akauliza.

"Jana mchana. Tangu saa nane mpaka jua lilipozama." Alipokea kikombe cha Bosi kilichokwisha. "Alinishika uso, akanisogeza dirishani, akaniangalia. Akasema kesho kukiwa na mwanga mzuri ataniangalia tena, upande huu hakuumaliza."

Akarudi ndani. Feni haikuwa na umeme, lakini iligeuza shingo.

Shoti alivuta waya kutoka nguzo ya karibu na machimbo, akafunga kisanduku, akapima kwa testa. Ilikuwa kazi ya saa tatu. Alipomaliza, alisimama mbele ya Bosi na roli iliyokuwa bado na waya mwingi.

"Bosi, waya umebaki. Naweza kuvuta hadi kwa yule mama. Taa moja tu, chumba cha mbele."

Bosi aliutazama mlango wa kijani kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ni kazi nyingine, kijana," alisema. "Tusichanganye mambo."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya kokoto. Mama yake Dada alikuwa ametolewa nje, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameelekeza uso kwenye ule ukuta mkubwa uliosimama uwanjani kwake. Shoti alimsalimia, akajitaja kuwa ni fundi.

"Wewe ndiye uliyeifundisha?" aliuliza mama. Hakuwa na ukali.

"Ni mimi, mama."

"Basi kaa unisaidie. Mimi naona inapowaka, lakini sijui ni wapi. Hiyo ya kwanza?"

"Chumba cha kufulia."

"Na hiyo aliyohamia?"

"Ngazi. Anapanda. Sasa yuko chumba cha wageni, anatandika."

"Anatandika haraka," alisema mama, kwa sauti ya mtu anayesifu. "Tangu mdogo. Na hiyo?"

Taa ziliwaka na kuzimika kutoka dirisha moja hadi jingine, juu, kisha chini. Shoti alikuwa amezifunga zote kwa mkono wake, na alimtajia kila moja: korido, bafu, chumba cha pasi. Mama alizifuata kwa kidevu. Nyuma yao nyumba yenye mlango wa kijani iliingia gizani.

Mwishowe iliwaka taa pana, ya chini, iliyokuwa karibu nao zaidi.

"Hii ni ya jikoni," alisema Shoti. "Dirisha hili la mbele yako. Anaosha vyombo."

"Atakaa hapo?"

"Kidogo. Vyombo ni vingi."

Mama alivuta kiti mbele, akanyoosha kilemba chake, akafuta pembe za mdomo kwa kidole gumba. Kisha akainua uso kwenye ule mwanga na kuutuliza, kama mtu anayetaka kuangaliwa vizuri.