Njia ya Maji Nyuma ya Kilima

Mchora ramani alilelewa na shangazi yake, aliyemsomesha huku akiteka maji bondeni na kuyapandisha nyumbani kwa kichwa. Ofisi ilipomkabidhi kazi ya kutafuta njia ya bomba kutoka chemchemi ya mlimani hadi kijijini kwa shangazi, aliipokea kwa mikono miwili.

Wenzake walishakata tamaa, kwa kuwa kilima cha katikati kilikuwa juu kuliko chemchemi yenyewe na pampu hawakuwa nayo. Yeye akafungua picha za setilaiti kwenye kompyuta, akaupa kila mwinuko rangi yake, kisha akaigeuza geuza ile milima kama mnunuzi anayekagua chungu. Nyuma ya kilima ukajitokeza mkanda wa kijani, rangi ya ardhi iliyo chini ya chemchemi, ukikizunguka kilima na kushuka taratibu mpaka kwa shangazi.

Siku maji yalipofunguliwa, shangazi alikinga viganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu, umeyaleta mpaka mlangoni!"

"Yamekuja yenyewe, shangazi. Mimi nimeyaonyesha njia tu."

"Na hii shingo sasa itabeba nini?"

"Mkufu. Nitakununulia."

Shangazi akacheka tena. Mchora ramani akaishika ile mikono iliyolowa, iliyomlea.

"Ahsante, shangazi," akasema.