Waziri Anayerefuka

Siku ya kwanza tulirekodi mwisho wa filamu. Dari ya mbao ilikuwa inaning'inia kwa kamba, na fundi seremala akasema wazi, "Hii haifiki Ijumaa." Basi mwongozaji akaanzia mwisho.

Bendi yetu ni watu watatu: kaka anaimba, mke wake anapiga kinanda, mimi ngoma. Kwenye filamu tulikuwa serikali. Kaka ni Waziri wa Makofi, joho lake la mapazia. Shemeji katibu wake. Mimi umma mzima, kofia kumi na mbili kichwani. Kichekesho nilikiandika mimi, maana mimi ndiye mwenye utani: Waziri anaamini anarefuka kila mwezi, kumbe wananchi wanamshushia dari.

Nilijiona mjanja sana. Ukweli ni kwamba sauti ya kaka ilishaanza kukauka. Miaka miwili shemeji alikuwa akibonyeza kitufe kidogo kwenye kinanda, nyimbo zinashuka, kaka anazifikia. Tukimaliza anauliza, "Mmesikia ile ya juu?" Tunasema tumesikia. Tulijua wawili tu. Na huyo kaka ndiye aliyenilea.

"Haya, wimbo wa dari!" mwongozaji akapaza sauti. "Muimbe kweli, bila kanda."

Nikalegeza kamba, dari ikashuka. Kaka akanyoosha mkono, akaigusa, akaimba "Nimerefuka!" kwa furaha mpaka mpiga picha akacheka. Ikashuka tena, akaimba tena. Halafu akanyamaza. Alikuwa anaangalia kidole cha shemeji.

"Hicho kitufe cha nini?"

"Endelea, baba, kamera inarekodi."

"Nimeuliza cha nini."

Shemeji akaniangalia. Kofia zote kumi na mbili zikanielemea.

"Hii kaandika nani?" kaka akauliza.

"Mimi, kaka. Ni utani tu."

"Utani. Mtu mzima nimevaa pazia, nashangilia, na wewe ndiye umeshika kamba."

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. "Safi kabisa! Huko kunyamaza mmekutoa wapi?"

Kaka hakuondoka. Afadhali angeondoka. Alikuja kila asubuhi, akaimba, akacheka palipoandikwa acheke. Siku ya tatu alimwambia mkewe arudishe nyimbo zilipokuwa zamani, hata koo lipasuke. Likapasuka kweli, wakacheka wenyewe, yakaisha. Yangu hayakuisha. Hakuniita tena mdogo wangu; nikawa bwana ngoma. "Bwana ngoma, sogea." "Bwana ngoma, chai yako inapoa."

Siku ya mwisho tukarekodi mwanzo. Waziri bado hajawa waziri, ananikabidhi vijiti vya ngoma.

"Mdogo wangu, piga," akasema, kama ilivyoandikwa.

Nikaangusha kijiti.

"Tena!" mwongozaji akasema.

"Mdogo wangu, piga."

Nikawahi kuanza. Mara ya tatu nikasahau ngoma ya mguu. Mara ya nne nikapiga chafya ya uongo.

"Huyu leo kala nini?" mwongozaji akashika kichwa.

Mara ya sita kaka akainama, kama ananiweka sawa kola.

"Najua unachofanya," akaninong'oneza.

"Nafanya nini?"

Akarudi kwenye alama yake ya chaki, akakohoa, akaja na vijiti.

"Piga," akasema. Basi, hilo tu.

Nikapiga, bila kosa hata moja. Mwongozaji akasema hiyo ndiyo aliyokuwa anaitaka.