Mfupa wa Fundi Viatu

...matumizi hayajulikani, ati hayajulikani, kibao cha makumbusho nimekisoma mara tatu, kifaa cha mfupa, miaka elfu nne, matumizi hayajulikani, wasomi wote hawa na miwani yao, jamani, si wangeniuliza mimi, huo ni wa kulaza mshono, ona upande mmoja ulivyolika kwa kidole gumba, baba alikuwa nao vilevile, fundi viatu miaka arobaini kwenye kibanda kile, anashona, ananyoosha mkono bila kutazama, na mimi juu ya debe la gundi namwekea mfupa kiganjani, anasugua ngozi, kriii, kriii, mpaka mshono unalala... "Mama Pacha, twende bwana, maiti za wafalme ziko ghorofa ya pili!" huyo mume wangu na ramani yake, tangu asubuhi ananikimbiza utadhani wafalme watatoroka, siku tatu za mapumziko anataka aimalize dunia nzima, "Nakuja," nasema, na siendi, miguu imegoma... niliutupa mimi. Siku tuliyomhamishia kwa kaka, macho yake yamekwisha kabisa, nikawa nafagia kibanda, nikauona chini ya benchi, umejaa vumbi, nikasema hawa mbwa nao, wanaleta mifupa yao hadi humu, nikautia kwenye taka, mimi, niliyeushika utoto wangu wote, haraka tu, gari linasubiri, na jioni akauliza, mwanangu, mfupa wangu hujauona, papo hapo nikajua nimefanya nini, nikasema sijauona, baba, ulimi haukukwama hata kidogo, na sasa mwaka wa tatu, kila Jumapili kwenye simu, pacha hawajambo, hawajambo baba, na mfupa hujauona tu, sijauona, namsikia anapumua, kisha haya mwanangu, wasalimie... nimemkumbuka, Mungu wangu, nimemkumbuka yule wa kibandani, anayenuka gundi, anayenyoosha mkono akijua nipo... "Mama Pacha!" nakuja, nimesema nakuja... na kaka juzi, nilipomwambia mzee bado anaulizia mfupa wake, akashangaa, mfupa gani, mimi niko naye kutwa kucha hajaniuliza mfupa wowote... hajamwuliza. Wala wifi, wala wajukuu, na mtu akipoteza kitu huuliza nyumba nzima, huinua watu vitini, yeye ananiuliza mimi, mimi peke yangu, Jumapili baada ya Jumapili, kwa upole ule... eh, baba, unajua, umejua tangu jioni ile, mkono umeunyoosha miaka mitatu unanisubiri... mlinzi anapiga miayo, mume wangu yuko kwenye ngazi anapunga ramani, mfupa uko palepale kwenye kitambaa chake, leo ni Ijumaa, Jumapili mbali mno, natoa simu, napiga, baba, niliutupa mimi.