Skrubu Zilizowahi Kuondoka

Hospitalini, picha ya eksirei ya mguu ilipobandikwa kwenye kioo chenye taa, Mziwanda, mtoto wa mwisho mwenye ndevu zake, aliruka kama kapigwa shoti. Skrubu mbili zilizokuwa kwenye kifundo cha mama yake hazikuwepo tena.

"Zimeyeyuka! Mama, sasa hata nikikupeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu sipati kitu!"

"Anza kujipeleka wewe, kichwa bati!" Mama alicheka mpaka kiti cha magurudumu kikatikisika.

Si ndivyo walivyoambiwa siku ya upasuaji? Madini ya skrubu hizi yanashikilia mfupa. Ukishaunga, mwili unayala wenyewe, hakuna kupasuliwa tena. Mama, fundi cherehani, alilidaka upesi: "Kumbe ni bandi! Unashikiza, unashona, uzi unaufumua." Tangu hapo akawa anausubiri mguu wake wa kulia, mguu wa kukanyagia cherehani.

Daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama yangu, zimewahi mno. Mifupa yako imekuwa na matundu kama sponji, inaota polepole. Skrubu zimeondoka, mfupa haujaunga."

"Basi piga bandi nyingine," mama akasema.

"Hakuna pa kushikizia, mama. Mfupa unamong'onyoka."

"Na chuma cha kawaida?"

"Kitachomoka tu. Mguu huu hautakanyaga tena."

Nyumbani, Mziwanda alimbeba mpaka kitandani. Pembeni, vitambaa vya wateja vilikuwa vimerundikana juu ya cherehani. Miezi yote hiyo mama alikuwa akiwaambia, "Njoo wiki ijayo." Mafundi wote husema hivyo, ila safari hii fundi mwenyewe alikuwa ameamini.

"Kesho waite waje wachukue vitambaa vyao," mama akasema.

"Hata gauni la bibi harusi? Limebaki pindo tu. Mimi nikanyage, wewe uongoze kitambaa."

"Utamfungisha ndoa kavaa gunia."

Mziwanda akacheka. Alipomwangalia mama, akagundua amecheka peke yake.

"Na hiyo cherehani itoe humu."

"Mama, kesho basi..."

"Sasa hivi, mwanangu."

Akaiburuta kuelekea ukumbini. Kila ilipogonga sakafu, pedali ilikanyagika yenyewe, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka bila uzi. Mama akavuta shuka, akaziba masikio.