Rudi Nyuma, Simama Miguuni

Wodi ya wazazi ilikuwa na wauguzi wa kutosha, lakini msimamizi wao waliyempachika jina la Mikono Kumi hakumwachia mtu kazi. Kuweka dripu, yeye. Kupima presha, yeye. Kugombana na fundi bomba, yeye vilevile. Akirudi nyumbani miguu imevimba, mumewe alimtania, "Mke wangu, wenzako wote wako likizo?"

Basi akaja mkufunzi wa uongozi, daktari mstaafu mwenye sauti ya upole. Siku ya kwanza alionyesha picha ukutani: wakurugenzi kwenye meza ndefu, mishale ikipanda na kushuka. Mara muuguzi mmoja akaitwa wodini, mara mwingine, mara tabibu. Kufika mchana mkufunzi alikuwa akifundisha viti vitupu na Mikono Kumi.

"Dada," alisema akichomoa nyaya za projekta, "haya niliyaandaa kwa watu wa maofisini. Nipeleke mnakofanyia kazi."

Kesho yake darasa likahamia wodini, wakati wa kupokezana zamu. Walilaza mdoli wa nguo kitandani, awe mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Mikono Kumi akamrukia mdoli.

"Rudi nyuma, dada. Simama miguuni pa kitanda, mikono mfukoni."

"Mfukoni? Mama afe naangalia?"

"Ukiinama hapo unaona damu tu. Ukisimama unaona kila kitu. Mpe kila mtu kazi yake, naye akujibu kwa sauti."

Walikosea, wakacheka, wakarudia. Mkufunzi alipoondoka waliendelea wenyewe, kidogo kidogo, kila zamu.

Asubuhi moja mke wa fundi cherehani alijifungua salama, kisha damu ikafunguka kama bomba. Vidole vya Mikono Kumi vilimwasha. Akajikaza, akasimama miguuni.

"Wewe, kanda tumbo. Wewe, dripu. Tabibu, sindano ya kukaza mji wa mimba."

"Nakanda!"

"Dripu inaingia!"

"Sindano tayari!"

Damu haikukoma. Lakini kwa kuwa hakuwa ameinama, macho yake yalitua kwenye beseni: kondo la nyuma lilikuwa na pengo.

"Kuna kipande kimebaki ndani! Tabibu, kitoe."

Kikatoka. Damu ikapungua, ikakata. Baadaye mama akafumbua macho, akauliza, "Mwanangu yuko wapi?"

Nje, fundi cherehani aliushika mkono wa msimamizi, akamshukuru tena na tena.

"Usinishukuru mimi peke yangu, kaka," alisema, akawaita wenzake mlangoni mmoja mmoja, na yule fundi akawapa mkono wote.

Kisha Mikono Kumi akampigia mkufunzi simu. "Daktari, leo mama amevuja damu, sikumgusa hata kidogo, na yuko hai." Machozi yakamtoka. "Asante. Asante sana."

"Mimi ndiye wa kushukuru," yule mzee alijibu. "Nisingekuja kwenu, ningekufa nikifundisha kuta."

Mikono Kumi aliporudi ndani alimkuta muuguzi aliyekanda tumbo amekaa benchini, akijifuta jasho. Akammiminia maji, akakaa karibu yake.

"Kunywa, mdogo wangu. Leo umetufaa."